Mchanga Uliomwagwa Gesima

Gesima
3 Machi, 1974

Shemeji Abner,

Bwakire! Pokea salamu zangu na za dadako Bosibori, ambaye amesimama hapa mgongoni kwangu akisema nikuandikie kwamba hujakanyaga kwetu tangu Krismasi na kwamba amechoka kukutetea kwa watoto. Nimemwambia mafundi wa kuchomelea vyuma huko Suneka ni watu wakubwa siku hizi. Amecheka.

Sasa, jambo. Zile spika za kanisa zimefika kutoka Nairobi. Ni kubwa, shemeji! Makabati mawili ya mbao, kila moja linabebwa na vijana wawili wakihema. Sabato iliyopita tuliziweka juu ya mapipa matupu ya mafuta. Kwaya ikaanza, besi zikaingia, na mapipa nayo yakaimba. Yalinguruma hivi kwamba mama mmoja alitoka nje kuangalia ni lori gani linapita. Tukazihamishia mezani. Meza ikatetemeka mpaka Biblia ya mchungaji ikatembea yenyewe hadi ukingoni. Watu walicheka ndani ya kanisa, na mimi kiongozi wa kwaya nikatoka jasho.

Nataka stendi mbili za chuma, zinifike kifuani, ziwe tayari kabla ya Agosti. Makambi ya mwaka huu, ile mikutano yetu ya juma zima uwanjani, yatakuwa kwetu, na watu watatoka hadi Nyansiongo. Nyanchera wako ndiye atakayeimba peke yake siku ya Sabato, na nadhani hutaki sauti ya mchumba wako iwafikie watu ikiwa imechanganyika na pipa. Baba yake, Mzee Okemwa, ni mzee wa kanisa na atakuwa ameketi mbele kabisa. Chuma kitanunuliwa na kanisa. Kazi iwe sadaka yako.

Shemeji yako,
Manasseh Nyamongo


Suneka
17 Machi, 1974

Shemeji Manasseh,

Mbuya mono, sisi wazima kabisa. Nimecheka habari ya ile Biblia mpaka mteja akaniuliza kama ninaumwa. Mwambie Bosibori nitakuja, aache kunichafulia jina kwa wapwa zangu.

Stendi nitaziunda, tena kwa moyo. Lakini ujue kwamba stendi ya bomba tupu haitakusaidia. Itakulilia kuliko pipa. Bomba tupu ukiligonga linalia, na spika ikikaa juu yake inaligonga kutwa nzima. Dawa ni kulijaza. Kulijaza nini, hapo ndipo nilipokwama, na nimekuwa mtu wa ajabu hapa Suneka wiki hizi. Nilikata vipande vya bomba, kila kimoja nikakitia kitu chake, kisha nikawa nazunguka na kijiko nikivigonga na kutega sikio. Mama muuza ndizi wa jirani anasema nimeanza kurogwa.

Mahindi yalinyamaza vizuri, ila panya waliyanusa siku ya pili, na fukusi wangefuata. Kokoto ni nzito lakini zinacheza ndani, zinasema cha-cha-cha kila besi ikipita. Mchanga wa mto Gucha ni mzuri mno, mradi uuanike kwenye bati mpaka ukauke kabisa, la sivyo maji yake yatalila bomba kutoka ndani. Kilichonishangaza ni unga wa mbao, ule wa kwenye shimo la wapasua magogo. Ukigonga unasikia tup, kimya, huwezi kuutofautisha na mchanga. Lakini uzito hamna! Na wewe unaujua upepo wa Gesima. Spika zako ziko juu. Stendi ikiwa nyepesi chini, siku moja itamwangukia mtu. Kwa hiyo kunyamaza peke yake si kitu. Inyamaze na isimame.

Basi nimeamua hivi. Bomba nitalijaza mchanga mkavu wa Gucha. Chini nitachomelea kikasha cha bati nene, nacho nitakijaza unga wa mawe ya Tabaka. Nilikwenda huko Jumapili. Wachongaji wana vilima vyake nyuma ya nyumba, mweupe na wa waridi, wanaona ni uchafu tu. Ni mzito ajabu, hauozi na haulambi maji. Mlango wa kujazia utakuwa chini ya kikasha, na nitaufunga kwa bolti.

Nikwambie la moyoni, kwa kuwa wewe hutanicheka. Mzee Okemwa bado hajaniamini. Ng'ombe amewapokea, wale wale uliotuletea ulipomwoa Bosibori, ambao tata, baba yetu, aliwatunza kwa ajili yangu kama ilivyo desturi. Dada yangu ndiye anayenioza, na sisahau hilo. Lakini kila Mzee akiniona anaitazama mikono hii yenye grisi, na anaguna. Nataka stendi hizi zisimame mbele ya macho yake juma zima bila kutikisika. Zikisimama, harusi ya Desemba haina wasiwasi. Nampenda Nyanchera, shemeji. Sina namna nyingine ya kulisema.

Wako,
Abner Angwenyi


Gesima
2 Juni, 1974

Shemeji,

Stendi zimefika na watu wamezishangilia! Mchungaji mwenyewe alizigonga kwa fimbo yake, akasema kazi ya mikono yako imebarikiwa. Kwaya imeimba, besi zimeshuka mpaka zilipotaka, na hakuna kilichotetemeka ila mioyo. Mzee Okemwa hakuguna. Alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sawa." Wewe unamjua, hiyo kwake ni hotuba.

Lalamiko ni moja tu, nalo ni uzito. Wanaume wanne, shemeji! Kuzitoa ndani ya pikapu tu mtu alitaka kuteguka kiuno. Je, mtu akitaka kuzihamisha mara moja moja itakuwaje? Nimekumbuka ule unga wa mbao ulioutaja. Kwa kweli unanyamazisha sawasawa na mchanga? Hata fundi akigonga hawezi kujua? Nauliza tu, unajua mimi napenda kujifunza.

Bosibori anakusalimu. Mogaka, mwanangu, sasa anapiga ngoma kwenye sufuria zote za mama yake.

Manasseh


Suneka
9 Juni, 1974

Shemeji,

Hiyo "Sawa" ya Mzee Okemwa nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukuambia.

Kuhusu unga wa mbao: ndiyo, hata mimi nikigonga sitajua. Sikio halipimi uzito. Lakini toa wazo hilo kichwani, tafadhali. Stendi za kanisa zinahamia wapi? Zina kwao, zikae kwao. Ukitaka kuzisogeza, ita wanaume wanne na uwape uji baadaye. Bolti iliyo chini usiiguse wala usimruhusu mtu aiguse.

Nitafika Ijumaa ya makambi, nikipata gari mapema. Nataka nizikague mwenyewe kabla ya Sabato.

Abner


Gesima
27 Agosti, 1974

Ndugu Abner,

Tangu uondoke hapa Jumapili sijalala vizuri. Nakuandikia kwa machozi.

Nyanchera yuko hospitali ya misheni. Mguu umevunjika mahali pawili chini ya goti, na daktari amesema utapona lakini hajui kama utanyooka. Kaka zake bado wana hasira. Ni vyema hukubishana nao walipokufukuza pale mlangoni. Afadhali usije kabisa kwa sasa.

Jumatatu wazee waliifungua ile stendi iliyoanguka, nami nikiwapo. Ndani walikuta unga wa mbao, Abner. Juu mpaka chini, bomba na kikasha. Tulifungua na ya pili, ikawa vile vile. Nilishikwa na aibu kwa niaba yako. Mzee Okemwa aliuchota akauacha umwagike kati ya vidole vyake, akasema, "Huyu ndiye aliyetaka nimpe binti yangu." Nilikutetea. Nilisema huenda mchanga ulikuwa mgumu kupatikana, huenda ulikuwa na haraka. Lakini nitasema nini zaidi wakati mwenyewe uliniandikia kwamba unga wa mbao unanyamaza kama mchanga?

Ushauri wangu kama shemeji: andika barua ya toba kwa baraza la kanisa. Sema ulikosea. Wazee wana huruma, na huenda baada ya mwaka mmoja au miwili Mzee akalegea.

Manasseh


Suneka
1 Septemba, 1974

Manasseh,

Toba ya nini?

Mchanga ule niliuanika mwenyewe kwenye mabati hapa nyuma ya karakana. Unga wa Tabaka niliubeba kwa gunia, na bega langu bado lina alama. Mlihitaji wanaume wanne kuzishusha mwezi wa Juni. Uliniandikia wewe mwenyewe, ukanilalamikia kiuno. Unga wa mbao hauhitaji wanaume wanne. Kwa hiyo uliingia baadaye. Nani aliutia? Stoo ya kanisa ina ufunguo mmoja, nao unaning'inia kwenye mkanda wako.

Nimejaribu kutolifikiria hili, Manasseh. Wiki nzima nimejilaumu mimi, nikasema labda nilichomelea vibaya. Lakini kila nikifumba macho naona ile Ijumaa. Nilifika nimechelewa, gari lilikuwa limeharibika njiani, jua limeshagusa mlima. Spika ziko juu tayari. Nikagonga stendi, ikanyamaza, nikafurahi kama mjinga. Kisha nikainama nikaona kichwa cha bolti kina mikwaruzo. Nikatoa spana yangu nipate kuikaza na kuangalia. Nawe ukaja mbio, ukaniambia mbele ya Mzee Okemwa na watu wote, kwa sauti ile ya kuongoza kwaya: "Shemeji, jua limezama. Sabato imeingia. Weka spana chini."

Nikaiweka. Ningefanya nini? Tangu nikiwa mtoto sijashika chombo cha kazi jua la Ijumaa likishazama, na Mzee alikuwa ananitazama. Aliniwekea hata mkono begani, akasema kijana huyu ana hofu ya Mungu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunigusa. Nikalala nimefurahi. Kesho yake alasiri upepo ukaja, na Nyanchera alikuwa amesimama pale, ameanza ubeti wa pili.

Niambie kwamba hukujua. Niambie hivyo tu na nitakuamini, maana wewe ni mume wa dada yangu na sitaki kuwa na adui nyumbani kwake.

Abner


Gesima
8 Septemba, 1974

Ndugu,

Barua yako imenihuzunisha. Nilikukumbusha Sabato kama ambavyo Mkristo yeyote angefanya, na leo unanirudishia kwa tuhuma. Sitajibu maneno yako mengine. Nakuombea.

Ila kabla hujayapeleka maneno hayo kwa watu, kaa chini ufikirie. Ng'ombe walioko kwa Okemwa walitoka zizini kwangu kwa ajili ya dadako. Nyumba hii ikivurugika, kila mtu ataulizwa ng'ombe wake.

M. Nyamongo


Hospitali
19 Septemba, 1974

Mpendwa Abner,

Barua hii inaletwa na Bitutu, ninayesimama naye kwenye kwaya, kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa kaka zangu. Naendelea vizuri. Mguu unaniwasha ndani ya plasta mpaka nataka kuung'ata. Usinitumie chakula kwa mkono wa watu tena, kaka zangu wanakinyang'anya mlangoni. Lakini najua ni wewe, na ninashukuru.

Wanasema uliliibia kanisa mchanga. Nimecheka, kisha nikalia. Nani anaiba mchanga?

Nataka kukuambia kitu ambacho kinanisumbua. Ijumaa ile mchana, kabla hujafika, shemeji yako alituambia mimi na Bitutu tutoe stendi stoo tuzipeleke uwanjani. Sisi wawili, wasichana! Tulikuwa tumesikia ni za wanaume wanne. Tukajiandaa, tukainama, na ikanyanyuka kama kiti. Bitutu alisema, "Kumbe wanaume wa kanisa hili ni walegevu hivi." Tulicheka njia nzima.

Mimi sikusema kitu, kwa sababu nilifikiri najua. Nilifikiri uliambiwa ni sisi wasichana tutakaozibeba, ukazipunguza ukatuhurumia. Nilijisikia mtu anayependwa. Ungefika mapema ningekushukuru, na ungeniuliza nakushukuru kwa nini, na tungejua. Lakini ulifika Sabato ikiingia.

Sikulaumu. Naomba tu uniambie ukweli ni upi, maana baba ananiuliza kila siku mimi namtetea nani.

Nyanchera


Suneka
22 Septemba, 1974

Bosibori, mwana wa mama,

Sikuandikii mume wako tena. Nakuandikia wewe, na nimempa Mama Mokeira, yule anayekuja soko la huko kwenu, akukabidhi barua mkononi.

Stendi zangu zilifika kwenu zikiwa nzito. Ijumaa ya makambi zilibebwa na wasichana wawili. Kati ya hapo kuna mtu alizimwaga. Unga wa Tabaka ni mweupe na wa waridi, na kwenu udongo ni mwekundu kila mahali. Ukimwagwa hauwezi kujificha. Nakuuliza kama ndugu yako wa tumbo moja: uliuona?

Usipojibu nitajua jibu. Lakini jibu.

Abner


Gesima
6 Oktoba, 1974

Abner wangu,

Niliuona.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Nilikwenda kukamua asubuhi, nikakuta kuku wanaoga nyuma ya zizi, wamekuwa weupe wote. Pale chini kuna lundo, mchanga na unga mweupe wenye rangi kidogo ya waridi. Nikamwuliza mume wangu. Akasema ni chokaa mbovu aliyouziwa dukani. Niliamini. Mtu akikuambia kitu ndani ya nyumba yako unaamini, hukai ukimchunguza.

Sasa nimejua mengine, nayo ni aibu. Jua la Sabato likizama Jumamosi jioni, alikuwa anapakia spika za kanisa na stendi zako kwenye pikapu anapeleka Nyansiongo, kwenye dansi. Kuna ukumbi huko, watu wanakunywa na kucheza hadi asubuhi. Huko anajulikana, ana hata jina. Mtu aliyekuwa akimsaidia kupakia alikataa kuendelea kwa ajili ya uzito, ndipo akazimwaga akatia unga wa mbao. Alikuwa amekusudia kuurudisha mchanga kabla ya makambi. Hakupata nafasi, kisha akaona stendi zinanyamaza vilevile, akaacha. Na ile Ijumaa alipokuona na spana, aliniambia mwenyewe, moyo ulimruka.

Nimelia mpaka nimechoka. Mtu huyu anaongoza wimbo wa kufungua Sabato, nami namfulia lile shati jeupe analolivaa.

Baraza litakaa Jumapili tarehe ishirini. Nitasimama niseme. Bado lundo liko pale nyuma ya zizi, nitawapeleka wazee wakalione kwa macho yao. Nina hofu moja tu, na wewe unaijua: akinifukuza atadai ng'ombe wake, na ng'ombe wake ndio waliokuozea Nyanchera. Nikitoka hapa, wao wanatoka kule. Lakini tata atapata njia. Kwanza jina lako lisafishwe.

Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Nitasema.

Bosibori


Gesima
22 Oktoba, 1974

Mpendwa Abner,

Najua wamekukataza kuingia barazani na kwamba ulisubiri barabarani hadi jioni. Nilikuona kupitia dirishani. Sikuweza kutoka, baba alikuwa ameshika magongo yangu.

Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, maana usipoyasikia kwangu utayasikia kwa njia mbaya zaidi.

Nilisimama wa kwanza. Nikasema stendi ilikuwa nyepesi tangu Ijumaa, mimi na Bitutu tuliibeba. Shemeji yako akasema kwa upole sana, "Asante, binti yetu. Basi tumekubaliana ilikuwa nyepesi. Na nani aliyeiunda?" Wazee wakatikisa vichwa. Nikasema iliundwa nzito, na kuna anayejua ilivyomwagwa na mahali mchanga ulipo. Nikamtaja dada yako, kama ulivyoniandikia. Nilikuwa na furaha, Abner. Nilijua imekwisha.

Bosibori akasimama. Mchungaji akamuuliza mara mbili. Alitazama sakafu. Akasema, "Sikuona mchanga wowote."

Baba, kwa sababu ni mtu wa haki, hakuridhika. Alisema twende tukatazame. Walikwenda wazee wote, nami nikasukumwa kwa toroli la majani chai. Nyuma ya zizi pamesafishwa. Pamekandikwa mavi ya ng'ombe na udongo, pamelainishwa vizuri kama sakafu ya nyumba ya maharusi, na palikuwa pabichi bado. Hakuna mwanaume anayekandika, Abner. Nilimtazama Bosibori mikono. Akaificha chini ya leso, lakini kucha zenye udongo nilikuwa nimeshaziona.

Baraza limesema kosa ni la fundi. Nyumbani baba aliniambia, "Sina ugomvi na kijana huyu. Lakini mimi ni mzee wa kanisa hili, siwezi kumpa binti mtu ambaye baraza langu mwenyewe limemtia hatiani." Ng'ombe watarudishwa kwenu Jumapili. Nimemwomba mpaka sauti imeniisha. Mimi nitapelekwa kwa shangazi yangu mpaka mguu upone, na nasikia kuna watu wameanza kuja kuuliza habari zangu. Wanaume waliofiwa na wake. Wanasema msichana wa mguu huu asichague.

Nakuamini. Nilisema hivyo mbele ya wote na nitasema tena. Sijui tu nifanye nini na kuamini kwangu.

Nyanchera


Gesima
17 Novemba, 1974

Abner, mwana wa mama,

Umenyamaza mwezi mzima. Mama Mokeira anasema ulikataa hata kupokea salamu zangu. Naomba unisikilize mara moja, kisha ufanye utakalo.

Usiku wa kuamkia baraza Manasseh hakunipiga. Kama unafikiri alinipiga, hapana. Alikaa kwenye kiti akasema, "Sema, ni haki yako. Utaenda kwenu, na watoto watabaki, maana ni wa boma hili. Nitawatafutia mama mwingine." Basi. Akaenda kulala na akakoroma. Mimi nikabaki nikiwatazama watoto walivyolala. Asubuhi na mapema nikachukua ndoo.

Nilipokuandikia kwamba nitasema, nilikuwa nasema kweli. Sikukudanganya siku ile.

Wewe ni mwanaume. Ng'ombe wamerudi, bado wako mikononi mwenu, utaoa. Kuna wasichana wengi wazuri, hata hapo Suneka. Mimi watoto wengine wa kuwa hawa nitawatoa wapi? Niambie wewe ungefanya nini ungekuwa mimi. Nimejiuliza na sipati jibu ila lile nililofanya.

Manasseh ameacha mambo ya Nyansiongo. Amelia mbele yangu. Bado anaongoza kwaya.

Sasa ninaomba jambo moja, na si kwa ajili yangu. Mogaka anatahiriwa tarehe nane Desemba. Unajua mtoto hawezi kuingia siku hiyo bila mjomba wake kumshika mkono na kumbariki. Anakuuliza kila siku. Anajua tu kwamba umesafiri. Njoo, Abner. Nitapika wimbi na kuku, yule jogoo mkubwa nimekutengea, na utakaa kwenye kile kiti chako pale ndani, na hatutasema lolote la nyuma.

Dada yako,
Bosibori


Suneka
24 Novemba, 1974

Bosibori,

Barua nimeipata.

Umeniuliza ningefanya nini. Sijui. Nimefikiri kila siku tangu niisome na sijui, na kwa hiyo sitakuhukumu kwa watu. Kwa mama nimesema baraza halikunielewa, basi. Hajui habari ya ndoo.

Lakini usiniambie kwamba wako wasichana wengi. Nilikuwa nimesimama barabarani siku ile tangu asubuhi, na sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu wewe ulikuwa ndani. Manasseh alinidanganya, naye ni mtoto wa watu. Wewe tulinyonya titi moja. Ungeniandikia tu usiku ule kwamba huwezi, ningeelewa, ningemwambia Nyanchera asikutaje, asisimame na mguu ule mbele ya watu akionekana mwongo. Hilo ndilo lisilonitoka. Uliacha msichana asimame peke yake.

Ng'ombe wote wako salama, nimewaacha kwa tata. Mimi sitaoa nao. Mdogo wetu akikua, atawachukua yeye.

Mogaka hana kosa. Nitafika tarehe nane asubuhi, nitamshika mkono, nitambariki kama mjomba anavyopaswa, na nitatembea naye mpaka mwisho. Nitakaa uani na wanaume wengine. Ndani sitaingia.

Usinipikie.

Abner